Gavana wa kura, mkeka wa Moscow

SWALI: Mambo vipi kaka mhariri, mi niko hapa Chikongola, Mtwara. Juzi kwenye kahawa tumebishana mpaka kashata zikaisha. Mmoja anasema Urusi ni shirikisho, kwahiyo kila jimbo linamchagua gavana wake kwa kura, mwingine akasema thubutu, wale wanateuliwa na Putin kama sisi tunavyoletewa mkuu wa mkoa. Tumewekeana kahawa ya watu sita hapo. Nani mkweli? Na je huku kwetu RC (mkuu wa mkoa) angepigiwa kura korosho si zingepata mtetezi?

JIBU: Kaka yangu wa Chikongola, hiyo kahawa ina utata, maana wote wawili wameshika mkia wa tembo yuleyule.

Miaka ya 90 kweli magavana walipigiwa kura. Yeltsin, kabla hata hajawa Rais, mwaka 1990 alienda Kazan, mji mkuu wa jimbo la Watatar, akawaambia watu wa kule chukueni mamlaka kiasi mtakachoweza kumeza, na wenzetu wakameza kwelikweli, wengine wakawa na katiba zao na marais wao humohumo ndani ya nchi moja. Septemba 2004 magaidi wakateka shule kule Beslan, kusini mwa Urusi, wakafa watu zaidi ya 300, wengi watoto. Baada ya hapo Putin akasema nchi inahitaji mkono mmoja, na Desemba hiyohiyo sheria ikabadilishwa: Rais anapendekeza jina, bunge la jimbo linapitisha, na likikataa kataa bunge lenyewe linaweza kuvunjwa. Sasa gavana kuchaguliwa na magaidi kuteka shule vinahusianaje, hilo hata Warusi wenyewe walikuwa wanaulizana.

Huyo rafiki yako wa "wanateuliwa" labda aliishia hapo kusoma. Kwasababu mwaka 2012, baada ya watu kuingia barabarani kupinga uchaguzi wa bunge wa Desemba 2011, kura za magavana zikarudishwa. Ila zimerudi na geti. Ukitaka kugombea lazima kwanza upate saini za madiwani, asilimia 5 hadi 10 yao kutegemea na jimbo, tena watoke robo tatu ya wilaya. Na madiwani wengi ni wa chama tawala. Piga picha mpinzani wa hapa Mtwara azunguke Newala, Tandahimba, Masasi mpaka Nanyumbu anawaomba madiwani wa chama kingine wamsainie fomu ili awashinde!

Halafu Rais bado anaweza kumtimua gavana aliyechaguliwa kwa kusema tu amepoteza imani naye, akaweka kaimu wake, na kaimu huyo anakuja kugombea akiwa keshakaa kwenye kiti. Khabarovsk, mashariki kabisa kule jirani na China, mwaka 2018 walimpa Sergei Furgal wa upinzani karibu asilimia 70, chama tawala kikapigwa na butwaa. Julai 2020 akakamatwa kwa kesi za mauaji ya miaka kama 15 nyuma, mwenyewe akakana, watu wakaandamana wiki kwa wiki, na Moscow ikamleta Mikhail Degtyarev kukaimu. 2021 Degtyarev akashinda kwa kura, na 2023 Furgal akapigwa miaka 22 jela. Kwahiyo kura ipo, na mkeka wa uteuzi nao upo.

(Kachekesho: sheria mpya ikakataza viongozi wa majimbo kujiita "prezident", basi Watatar wa Kazan tangu 2023 kiongozi wao anaitwa Rais, ndio, neno hilihili letu la Kiarabu.)

Sasa kuhusu RC. Katiba yetu ya 1977 inasema anateuliwa na Rais, na kwa Bara sisi sio shirikisho, kwahiyo hapo hakuna aliyetudanganya. Mi ningependa tumchague, sikufichi, maana mtu anakuja leo, hajamaliza kujua njia ya Msimbati, kesho mkeka umetoka yuko mkoa mwingine. Ila korosho? Ile 2018 ushuru wa korosho zinazouzwa nje, asilimia 65 iliyokuwa inarudi kwenye zao, ilipelekwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa kusini wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, na wale walikuwa WAMECHAGULIWA. Gavana wa Urusi nae hivyohivyo, VAT yote inaenda Moscow, kodi ya kuchimba gesi nayo, anabaki na kiti na foleni ya kuomba. Kenya kabla hawajaanza magavana 2013 waliandika kabisa kwenye katiba ya 2010 kwamba kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ndo maana gavana kule ana sauti hata akiwa hapatani na Nairobi. Mkirudi kijiweni anzieni ubishi hapo, kwenye hela.

Na ile kahawa ya watu sita, lipeni tatu tatu.