Jibu: Kumpeleka rafiki kuvua besi kwa mara ya kwanza

Salaam. Umeuliza kama ukodi mashua au mbaki ukingoni mnapokwenda kuvua besi, samaki wa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa rafiki yako hajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Bakini ukingoni, na kabla ya yote hakikisha kila mmoja ana kibali kinachohitajika mahali hapo.

Mimi nilikosea kwa kumpa rafiki yangu rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya ngoma inayozunguka, akashinda asubuhi nzima akifumua mshipi uliojisokota kama kiota cha ndege. Mpe rili ya kawaida iliyofungwa, yaani yenye kifuniko juu ya mshipi, mshipi wa kubeba kilo 4 au 5, na mnyoo wa plastiki ambao ncha ya ndoano imefichwa ndani yake, ili usinase kwenye magugu. Besi hupenda kujificha penye magugu, magogo na vivuli, hasa alfajiri na jioni. Hapo ndipo arushe, baada ya kutazama nyuma yake kwanza.

Mweleze mapema kwamba samaki akigusa chambo, mvuvi huhisi mdonoo mmoja au miwili tu, kisha mshipi huanza kwenda upande. Akusanye ulegevu, ndipo avute kwa nguvu.

Bana kwa koleo kile kijino cha ndoano kinachoizuia isichomoke, ili itoke kwa urahisi. Kumshika besi mdomo wa chini kwa kidole gumba hakudhuru, kwani meno yake ni kama msasa, lakini aliye mkubwa ategemezwe tumboni. Wewe mwenyewe usivue katika saa moja ya kwanza; msaidie yeye.