Gauti: niache maharage, au nirudie dawa niliyoiacha?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 51, naishi Morogoro. Kidole gumba cha mguu kimekuwa kikivimba ghafla usiku, nikapimwa asidi ya yuriki ikaonekana 8.9. Nikakatazwa nyama nyekundu, maharage na dengu, nikapewa alopurinoli. Wiki ya pili maumivu yalirudi makali kuliko mwanzo, nikaiacha dawa. Nilipopimwa tena siku ileile ya maumivu ilisoma 6.3, nikaambiwa niko sawa. Natumia pia dawa ya presha inayokojosha. Nifanye nini? Na maharage ndiyo basi tena?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Gauti inauma kiasi kwamba hata shuka likigusa kidole mtu huruka.

Maharage kula. Nalisema bila kusitasita kwa sababu katazo hili linawatesa watu wengi ambao maharage ndiyo protini yao ya kila siku. Ni kweli yana purini, kemikali ya asili iliyomo kwenye vyakula vingi, na mwili ukivunja purini hutoa asidi ya yuriki. Lakini daktari mtafiti Hyon Choi na wenzake wa Boston waliwafuatilia wanaume 47,150 wa Marekani kwa miaka 12, na 730 kati yao wakapata gauti. Matokeo yalitoka mwaka 2004: waliokula nyama na samaki kwa wingi waliugua zaidi, wanywaji wa maziwa waliugua kidogo, na mboga zenye purini nyingi, kunde na maharage yakiwemo, hazikuongeza hatari. Tafiti zao nyingine ziliitaja bia, kisha soda zenye sukari. Kwa hiyo punguza bia, soda, maini na figo, na nyama iwe ya kiasi. Dengu zako zirudi mezani.

Ila usitegemee sahani peke yake ikuponye. Mwaka 2018 watafiti wa New Zealand walichambua takwimu za Wamarekani wenye asili ya Ulaya, wakakuta tofauti za mlo zinaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti ya yuriki kati ya mtu na mtu, wakati za kurithi zilieleza karibu asilimia 24. Wagonjwa wengi wa gauti shida yao ni figo zisizotoa yuriki ya kutosha. Ndiyo maana nachukia kusikia mgonjwa akiambiwa amejitakia kwa ulafi.

Sasa dawa, maana hapa ndipo ulipopotezwa. Yuriki kwenye damu ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, haiyeyuki yote. Hutuama kama sukari iliyozidi kwenye chai, ikajenga fuwele ndani ya kiungo. Alopurinoli hupunguza utengenezaji wa yuriki, kiwango kikashuka, na fuwele za miaka mingi zikaanza kumeng'enyuka. Zinapolegea ndipo kinga ya mwili inapozishambulia, kiungo kikawaka upya. Maumivu yako ya wiki ya pili yalitokana na hilo, na ulipaswa kuambiwa kabla hujameza kidonge cha kwanza. Kawaida tunaanza na miligramu 100 kwa siku, au pungufu kama figo zina shida, tunapandisha kila baada ya wiki kadhaa, na miezi ya mwanzo tunaongeza kolchisini kwa dozi ndogo ili kuzuia mashambulizi hayo. Likitokea shambulio, mgonjwa hutibiwa maumivu huku alopurinoli ikiendelea.

Ile 6.3 isikutulize. Wakati wa shambulio yuriki huweza kushuka kwa muda, hivyo pima tena wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Lengo letu ni chini ya 6, na kubaki hapo. Maabara inayotumia mikromoli kwa lita itaandika chini ya 360.

Dawa yako ya presha nayo ina mchango. Nyingi za kukojosha huzuia figo kutoa yuriki. Usiiache mwenyewe, muulize daktari wako kama unaweza kuhamia losartani, ambayo hushusha presha na yuriki kidogo. Tena, aliye kwenye dozi ya kifua kikuu ajue kwamba pirazinamidi hupandisha yuriki, naye asikatishe dozi kwa sababu hiyo.

Kwamba kufika kwenye lengo hilo la chini ya 6 kunawezekana, Profesa Michael Doherty wa Nottingham, Uingereza, ameshaonyesha. Katika jaribio lake la mwaka 2018, wagonjwa walioelezwa ugonjwa wao na kufuatiliwa na wauguzi, asilimia 95 walifika chini ya 360 baada ya miaka miwili. Waliobaki na huduma ya kawaida ya daktari walikuwa asilimia 30. Dawa ni zilezile. Tofauti ni mtu kukaa na mgonjwa, kumweleza na kumpima tena.

Rudi hospitali, omba kipimo cha figo, mwambie daktari yote haya kabla ya kuanza upya. Ukiwa kwenye alopurinoli ukaona vipele, vidonda mdomoni au homa, acha dawa na uende siku hiyohiyo, kwa kuwa wachache hupata mzio wa hatari. Na kiungo kikivimba pamoja na homa kali, usikiite gauti ukiwa nyumbani na kumeza diklofenaki ya kutuliza maumivu: inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na huo hausubiri asubuhi.