Zima rivabu ya kinanda, ila usimnyime mpigaji

Kwaya ilifika kutoka Ahero saa tatu asubuhi, wote wamebanana kwenye matatu moja, kinanda kimefungwa kwa leso na kupakatwa kama mtoto na mama mmoja wa sauti ya kwanza. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua chumba changu cha kurekodi hapa Kondele. Mpigaji akaunganisha, akabonyeza piano, akaniuliza, "Omera, niiache hivi ilivyo?" Piano ilikuwa inanguruma kama iko ndani ya kanisa kuu la mawe. Nikamwambia asiguse kitu.

Wiki mbili baadaye, waimbaji wameshaingiza sauti zao, nikaanza kuchanganya. Nikipunguza piano, inapotea. Nikiiongeza, inakuja na ukungu wake wote na kuyameza maneno ya sauti ya pili. Waimbaji niliwarekodi kwenye chumba kilichozibwa magodoro ukutani, kwa hiyo walisikika wako hapa puani, na piano iko ng'ambo ya uwanja. Mwalimu wa kwaya akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Kijana wangu, mbona sisi tuko jikoni na kinanda kiko kanisani?"

Ukungu huo ndio rivabu: mkia wa sauti unaobaki ukielea kama vile uko ndani ya ukumbi mkubwa. Ikisharekodiwa pamoja na sauti, ni maji yaliyomwagika. Zipo programu za kuifuta, na usiku huo nilijaribu moja. Ilikula rivabu, ikala na mikia ya noti. Tulirudia piano yote, na nauli ya mpigaji ikatoka mfukoni mwangu.

Tangu siku hiyo nikawa mkali kama askari wa trafiki. Kinanda kikiingia tu, rivabu zima, korasi zima. (Si korasi ya kuimba; ni ile efekti inayoifanya sauti moja isikike kama mbili tatu zinazopishana kidogo. Mpigaji mmoja wa kanisa aliwahi kunikasirikia akidhani nafuta kiitikio.) Na kwa sehemu kubwa nilikuwa sahihi. Sauti za kiwandani hupambwa zikuvutie ukiwa peke yako na kinanda. Hazina habari kwamba kuna gitaa, besi, ngoma na kwaya nzima inayotaka nafasi. Halafu fikiria muziki wetu wa huku. Chukua ohangla ya mapigo 120 kwa dakika, mpigaji anadonoa noti nne kwa kila pigo: kila noti inapata sekunde 0.125. Rivabu ya ukumbi yenye mkia wa sekunde 2.5 itakuwa bado inailia noti ya kwanza wakati ya ishirini inapigwa. Huo ni uji.

Lakini ukali wangu uliniponza. Alikuja mpigaji mmoja wa ohangla, mtu mzima, aliyezoea kukesha akipiga kwenye matanga na harusi. Nikamzimia kila kitu. Akapiga noti mbili, akanitazama kama nimemwandalia ugali bila mboga. Akavumilia. Niliposikiliza baadaye, alikuwa amejaza noti kila mahali. Pale ambapo kwa kawaida huinua kidole na kuiacha sauti ielee, safari hii ule ukimya ulimtisha, akauziba. Rivabu niliiongeza, tena nzuri, lakini ningeiweka wapi ikiwa nafasi hakuziacha?

Mpigaji hupiga kile anachokisikia. Hilo nilipaswa kulijua kabla ya kununua hata spika.

Kwa hiyo siku hizi mpigaji anasikia rivabu, na kompyuta inarekodi bila rivabu. Ya kinanda naizima, namwekea ya programu kwenye hedifoni. Kikwazo ni kuchelewa. Kompyuta hukusanya kwanza kifungu kidogo cha sauti (bafa) kabla ya kukishughulikia. Bafa ya sampuli 512, yaani vipande 512 vidogo vya sauti, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 12, na hapo ni upande mmoja tu. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta na kutoka, kidole kimeshatangulia na mpigaji anaanza kujikwaa. Ujanja wake ni huu: kadi nyingi za sauti (kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa) zina kitufe cha kukusikilizisha moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Sauti kavu ipitishe hapo. Kompyuta nayo itoe rivabu peke yake, asilimia 100, bila kurudia ile sauti kavu. Rivabu ikichelewa milisekunde 20 haimsumbui mtu, maana hata kwenye ukumbi wa kweli ukuta hujibu baada ya wewe kupiga.

Zipo efekti ambazo sizizimi kamwe: zile ambazo mkono unazipiga. Mfano mkubwa ni ogani. Sauti ya Hammond tunayoipenda makanisani imefungamana na spika ya Leslie, ile yenye tarumbeta inayozunguka ndani ya kabati, polepole au kwa kasi. Mpigaji anayejua kazi yake huibadilisha kasi katikati ya mstari, waimbaji wakianza kupanda. Ukimzimia ili uje kuiweka mwenyewe wiki ijayo, utakuwa unakisia pumzi ya mtu mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa mwangwi unaojirudia kwa mapigo, ikiwa mpigaji anajibizana nao. Hivyo vyote rekodi navyo.

Kabla ya kulaumu efekti, angalia waya. Vinanda vingi vya bei nafuu vina tundu moja tu la hedifoni la kutolea sauti. Mimi nilichukua waya wa plagi yenye mistari miwili myeusi pande zote, nikaunganisha tundu hilo na tundu moja la kadi ya sauti. Piano ikatoka nyembamba, ya mbali, kama mzimu, nikaapa kwamba rivabu imegoma kuzimika. Kumbe tundu lile la kadi huchukua tofauti kati ya nyaya mbili za ndani. Likipewa kushoto na kulia, kila kilicho katikati kinajifuta, na kinachobaki ni mapambo ya pembeni. Dawa yake ni waya wa Y: plagi moja upande wa kinanda, mbili upande wa kadi, kila moja na tundu lake. Ukishafanya hivyo, isikilize pia kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa kimoja, kwa sababu wimbo wako utachezwa kwenye spika moja ya simu, na korasi nyingine hudhoofisha sauti pande mbili zikiunganishwa.

Jambo la stima nalo. Ikipotea na kurudi, vinanda vingi huwaka na mipangilio ya mwanzo, rivabu ikiwemo. Nina wimbo mmoja ambao beti mbili ni kavu na ya tatu iko bondeni. Hata kubadilisha sauti tu, kutoka piano kwenda nyuzi, kunaweza kuirudisha. Kagua kila mara.

Na kama kinanda kina tundu la USB la umbo la printa, rekodi MIDI sambamba na sauti. MIDI, iliyoanza mwaka 1983, haibebi sauti hata kidogo. Inaandika ni kibonyezo gani cha kinanda kimebonyezwa, lini, na kwa nguvu gani, kwa namba zinazofika 127. Ukiichoka piano, unaigeuza ogani bila kumwita mtu. Ila usiitegemee peke yake, kwani kinanda kikirudi Siaya na mwenyewe, sauti zake nazo zimeondoka.

Yule wa ohangla alirudi mwaka uliofuata. Safari hii nilimwachia mwangwi wake alivyouzoea, nikamwongezea rivabu kidogo kwenye hedifoni, nikachomeka na waya wa MIDI kwa usalama wangu. Wimbo wa pili mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati. Hakusikia, akaendelea, noti chache, vidole vinaachia. Ile MIDI bado imelala kwenye diski. Sijapata sababu ya kuifungua.