Swali la lugha: saksafoni ya umeme au ya kielektroniki?

Swali: Ninaandika makala kuhusu albamu The Electrifying Eddie Harris, ya mpiga saksafoni wa jazi kutoka Chicago. Ala yake niiite "saksafoni ya kielektroniki"? Na je, jina la albamu nilitafsiri "Eddie Harris Aliyetiwa Umeme"?

Jibu: Andika "saksafoni ya umeme". Neno "kielektroniki" si kosa la sarufi, ila litampotosha msomaji, kwa kuwa amezoea kulisikia katika kinanda cha kielektroniki, ambacho sauti yake huzaliwa ndani ya mitambo bila uzi kutikisika wala pumzi kupita. Katika albamu hiyo, iliyorekodiwa mwaka 1967, Harris alipuliza Varitone ya kampuni ya Selmer, yaani saksafoni ya kawaida iliyofungwa shingoni kipaza sauti kidogo cha kupeleka mlio kwenye amplifaya, yaani mtambo wa kuongeza nguvu ya sauti, ambako mpigaji aliweza kuuongezea mwangwi, au sauti ya pili iliyo oktava moja chini (noti ileile, ila nzito zaidi) ya ile aliyoipuliza. Pumzi ni ya mtu, na umeme unapokea kilichokwisha kulia. Ndivyo lilivyo gitaa la umeme, ambalo nyuzi zake hupigwa kwa vidole kama za gitaa kavu, na kwa kawaida haliitwi gitaa la kielektroniki.

Jihadhari na "kipaza sauti". Wengi hulitumia kwa kile anachoshika msemaji, na wengine kwa spika inayoning'inia juu ya nguzo. Kwa kuwa makala yako itavitaja vyote viwili, likabidhi neno hilo kwa cha kwanza tu. Kwa amplifaya, "kikuza sauti" limeundwa vizuri kutokana na kukuza, lakini wanamuziki wenyewe husema amplifaya, nami ningewafuata.

Jina la albamu liache lilivyo. "Aliyetiwa Umeme" linageuza mtenda kuwa mtendwa, na msomaji wa Kiswahili, kabla hajafikiria muziki, atadhani maskini huyo alinaswa na waya. Kwa Kiingereza neno "Electrifying" hubeba kusisimua na kutia umeme kwa pamoja, mchezo ambao umeme wetu haukubali, maana kwetu husisimua mwili tu, tena kwa maumivu. Ukilazimika kulifafanua, sema "Eddie Harris Msisimuaji", kisha umdokezee msomaji katika sentensi inayofuata kwamba jina linagusia pia waya wa Varitone.