Oksijeni na virutubisho katika maji ya Aktiki

Umeuliza inakuwaje kwamba, katika Bahari ya Aktiki, kina chenye virutubisho vingi ndicho hicho hicho kinachopungukiwa oksijeni, ilhali maji baridi husifiwa kwa kuibeba. Sifa hiyo ni ya kweli, kwani maji ya bahari yenye nyuzi 0 za Selsiasi huweza kuyeyusha takriban mililita 8 za oksijeni kwa lita, na yale ya nyuzi 28 hayafikii 5. Lakini baridi hueleza tu kiasi ambacho maji yalichukua yalipogusana na hewa, wala haielezi kilichotumika baadaye.

Chukua Bonde la Kanada, sehemu yenye kina kirefu ya Bahari ya Aktiki kaskazini mwa Alaska na Kanada, ambako jambo hili huonekana wazi kuliko kwingineko. Maji ya Pasifiki, yenye tele virutubisho viitwavyo silikati na fosfati, huingia kupitia Mlango-Bahari wa Bering, ulio kati ya Alaska na Urusi, ambao kina chake ni mita 50 tu, kisha hupita juu ya sakafu ya Bahari ya Chukchi, iliyo kaskazini tu mwa mlango huo, ambako mabaki ya mwani huoza, bakteria hula oksijeni na virutubisho hurudi majini. Sehemu ya nitrati, kirutubisho chenye naitrojeni, hugeuzwa kuwa gesi ya naitrojeni na kupotea, ndiyo maana nitrati huwa chache ikilinganishwa na fosfati. Maji hayo hatimaye hujipenyeza kati ya mita 100 na 200, yakifunikwa na tabaka la maji mepesi yasiyo na chumvi nyingi, ambalo huzuia yasichanganyike na ya juu.