Barua kwa mwanangu: Ni meseji ngapi?

Mwanangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti wa jana usiku, mara mbili. Unauliza kuhusu yule binti aliyekuacha: "Mama, mtu anashtakiwaje kwa meseji tu, na mimi sijamtukana hata siku moja? Kwani zinaruhusiwa ngapi?"

Nilimuuliza yule wakili wa hapa mtaani, akanisomea. Idadi haipo, baba. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hakihesabu meseji wala hakisubiri tusi. Kinauliza nia: ulimtumia ili kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo? Ukitiwa hatiani ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Utasema nia yako ilikuwa kupatana. Lakini hakimu haoni moyo wako, anaona ulichofanya.

Na ulichofanya nimekiona. Mama wa huyo binti alikuja Jumamosi, hata chai hakunywa, akanipa simu ya binti yake nisome. Tarehe 3 ameandika: "Naomba usinitafute tena." Kiswahili hicho hakina mafumbo. Chini yake nimehesabu zako 27. "Umeamka?" "Nijibu basi." "Kosa langu nini?" Saa nane za usiku, saa tisa. Kweli hakuna tusi. Halafu nikafika kwenye ile ya "Nimekuona Kariakoo, lile gauni la bluu linakupendeza," nikaiweka simu mezani. Wewe uliona unamsifia. Mimi ni mwanamke, mwili ulinisisimka.

Alipokublok ukaazima simu ya rafiki. Ukampelekea "tafadhali nipigie" mfululizo. Ukamtumia shilingi 500 kwenye simu ili jina lako litokee. (Hiyo hela ungenitumia mimi ningenunua nyanya.) Kila mlango alioufunga ukatafuta dirisha, na hapo ndipo nia inaposomeka. Na laini zote siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo usidhani ya rafiki inakuficha. Inamwingiza na yeye matatani.

Kabla ya tarehe 3 ulikuwa mtu aliyeachwa, anaumia, anabembeleza. Hilo sikulaumu, hata baba yako alinibembeleza. Baada ya tarehe 3 ni jambo jingine, na binti ana haki ya kwenda Dawati la Jinsia la polisi na simu yake mkononi. Bado hajaenda. Mama yake alikuja kwangu kwanza kwa heshima ya ujirani, na heshima hiyo hatakuja nayo mara ya pili.

Sasa nakujua. Ukimaliza kusoma hapa utataka kumwandikia moja ya mwisho, ya kuomba radhi. Usiandike. Hiyo itakuwa ya 28. Usimtume dada yako, usimpigie shoga yake. Meseji zako usizifute, kwake zipo zote. Ukiitwa polisi, nenda na wakili, usiende na hasira. Usiku ukiwa mrefu nipigie mimi, hata saa tisa, nitapokea.

Godoro lako na redio vilivyobaki kwa binti, mjomba atavifuata Jumapili, nimeshaongea na mama wa binti. Wewe usimsindikize, hata mpaka kituo cha daladala.

Mama yako