Jibu: Risiva nne lakini droni inarukaruka kwenye ramani

Habari mkuu. Umesema risiva zako nne (vipokezi vya mawimbi ya redio) zote zinaishika droni vizuri ila nukta kwenye ramani inaruka mita mia kadhaa. Kabla hujagusa antena, angalia saa za risiva kwanza, maana mahali droni ilipo panapatikana kwa kulinganisha muda ambao mawimbi yake yamefika kwenye kila risiva. Mawimbi ya redio yanakwenda karibu mita 300 kwa mikrosekunde 1, kwa hiyo saa ya risiva moja ikikosea hata hiyo mikrosekunde 1 tu hesabu yote imeharibika, na kupanga muda kwa intaneti hakutoshi kabisa maana huko makosa ni ya milisekunde. Kila risiva iwe na GPS inayotoa palsi (mpigo mfupi wa umeme wa kupangia saa) kila sekunde, halafu sampuli (vipande vya mawimbi vilivyorekodiwa) zipigwe muhuri wa muda kwenye risiva yenyewe, sio zikishafika kwenye kompyuta, maana njiani kwenye USB zinachelewa, na hapo ndo wengi wanakwama.

Mi huwa nawasha transmita (kifaa cha kurusha mawimbi) ambayo najua ilipo, naiacha imetulia: nukta ikirukaruka bado, nashuku saa, ikitulia ila pembeni, naangalia mawimbi yanayogonga kuta na mabati, au vipimo vya mahali antena zilipo. Sijaona umezipangaje, ila kama zimekaa mstari mmoja zitawanye zizunguke eneo lote.